Maneno ya Muulizaji na Kumbukumbu ya Shahidi

Watu wengi hudhani kwamba jambo lililoonwa kwa macho huingia kichwani na kukaa humo vile vile lilivyo, kama nguo iliyokunjwa na kutiwa sandukuni. Siku ya kuhitajiwa, mwenyewe hufungua sanduku akaitoa. Ndiyo sababu shahidi asemapo, "Niliona kwa macho yangu mwenyewe," baraza lote hunyamaza. Leo twataka kueleza habari ya kitu kidogo kiwezacho kuibadili nguo hiyo ingali sandukuni, nacho ni swali. Hatusemi juu ya shahidi mwongo. Mwongo ana habari yake. Twasema juu ya shahidi mkweli, asiye na chuki wala hongo, ambaye huulizwa kwa maneno fulani, na tangu hapo akakumbuka jambo ambalo halikuwapo.

Tuchukue mfano. Ni jioni, jua limekwisha kuchwa na taa hazijawashwa. Mtu aingia dukani, amsukuma mwenye duka, atwaa kisanduku cha fedha, akimbia. Ng'ambo ya njia amesimama mama mmoja na ndoo yake ya maji kichwani, naye ameyaona yote kwa muda wa kuhesabu kumi. Watu wakusanyika. Mzee mmoja amwuliza, "Mama, umeona nini?" Naye aeleza: mtu mrefu, mwenye shati jeusi, amekimbilia upande wa mtoni. Sasa tuseme kwamba mzee huyo hakuwapo, na aliyetangulia kufika ni kijana mwenye pupa, akauliza, "Yule mwenye panga amekimbilia wapi?" Mama ajibu, "Upande wa mtoni." Amejibu kweli tupu. Hakuulizwa kama palikuwa na panga. Aliulizwa njia tu. Lakini panga limekwisha kuingia ndani pamoja na swali, bila kubisha hodi. Kesho yake, aulizwapo na askari, yawezekana atalitaja mwenyewe, na siku ya kuapishwa mahakamani atalitaja kwa yakini.

Na panga si neno jepesi. Kwa sheria ya Tanzania, mtu aibaye kwa nguvu hali ana silaha ana kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Aliyesukuma kwa mikono mitupu ana kosa jingine, lenye adhabu iliyo ndogo kuliko hiyo. Basi neno moja katika swali la kijana yule, ambaye hakukusudia ubaya, laweza kuwa miaka mingi ya maisha ya mtu.

Mambo haya si dhana tu, yamepimwa. Katika mwaka 1974 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, Bibi Elizabeth Loftus na Bwana John Palmer, walifanya majaribio mawili katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, huko Marekani. Katika jaribio la kwanza walikusanya wanafunzi 45, wakawaonyesha picha fupi saba za sinema, kila moja yenye ajali ya motakaa. Baada ya kila picha wanafunzi walitakiwa kuandika waliyoyaona, kisha kujibu maswali, na moja la maswali hayo lilihusu mwendo wa magari. Hapo ndipo palipokuwa na siri. Swali lilikuwa lile lile kwa wote, ila kitendo kimoja. Wengine waliulizwa motakaa zilikuwa zikienda mwendo gani "zilipopondana", wengine waliulizwa "zilipogongana", wengine "zilipogusana", tena palikuwa na vikundi viwili vilivyopewa maneno mengine ya namna hiyo. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, nasi twayakaribia tu kwa Kiswahili, lakini msomaji ataona tofauti ya uzito wake.

Waliosikia "zilipopondana" walikadiria, kwa wastani, maili 40.5 kwa saa. Waliosikia "zilipogongana" walikadiria maili 34. Waliosikia "zilipogusana" walikadiria maili 31.8. Picha zilikuwa zile zile, macho yalikuwa ya watu wa namna moja, wenye elimu moja. Kilichotofautiana ni neno la muulizaji, nalo lilizidisha au kupunguza mwendo wa motakaa kwa karibu maili tisa. Twapenda kuongeza jambo moja ambalo wasimulizi wa habari hii hulisahau. Katika picha nne mwendo wa kweli ulijulikana: moja maili 20, moja maili 30, na mbili maili 40. Watazamaji walikadiria zote kati ya maili 36 na 40. Maana yake, macho yao hayakuweza kutofautisha motakaa iendayo pole na ile iendayo mara mbili yake. Na pale macho yasipokuwa na hakika, neno ndilo lililotawala.

Hapa msikilizaji mwenye akili aweza kupinga. Atasema, "Hao hawakukumbuka vibaya. Hawakujua mwendo, basi wakabahatisha kwa kulifuata neno la aliyewauliza, kama mgeni afuatavyo desturi ya mwenyeji." Pingamizi hilo ni la haki, na wataalamu wale walilifikiri. Ndipo wakafanya jaribio la pili, kwa wanafunzi 150. Waliwaonyesha picha moja isiyofika dakika nzima, ambayo ajali yenyewe ndani yake ilichukua sekunde 4. Kisha wanafunzi 50 wakaulizwa mwendo kwa neno "zilipopondana," 50 kwa neno "zilipogongana," na 50 hawakuulizwa mwendo kamwe. Wakaenda zao. Baada ya juma moja waliitwa tena, na bila kuonyeshwa picha mara ya pili wakaulizwa maswali, moja likiwa hili: Je, uliona vioo vilivyovunjika?

Katika picha ile hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Katika wale 50 ambao hawakuulizwa mwendo, 6 walisema waliviona. Katika wale wa "zilipogongana," 7 walisema waliviona. Katika wale wa "zilipopondana," 16. Tuyaangalie mahesabu haya bila kuyakuza. Watu 34 kati ya 50 walisikia neno zito wala hawakudanganyika. Lakini wale 16 hawakuwa wakimfuata muulizaji kwa adabu, maana siku hiyo ya pili neno "pondana" halikutajwa katika swali la vioo. Neno lilikuwa limelala nao juma zima, na katika siku hizo likazaa vioo; kwa kuwa motakaa zikipondana, vioo huvunjika, kila mtu ajua.

Mwaka uliofuata, 1975, Bibi Loftus alikwenda mbele zaidi. Aliwaonyesha wanafunzi 150 picha ya motakaa nyeupe ikipita katika njia ya shamba. Nusu yao aliwauliza ilikuwa ikienda mwendo gani katika njia ile. Nusu ya pili aliwauliza ilikuwa ikienda mwendo gani ilipolipita ghala katika njia ile. Ghala halikuwapo. Juma moja baadaye wote waliulizwa kama waliona ghala. Katika kundi la kwanza waliosema ndiyo hawakufika watu 3 katika kila 100. Katika kundi la pili walipita 17 katika kila 100. Mtu alijengewa ghala zima kichwani mwake kwa kuulizwa habari ya mwendo wa gari, kama vile mama yetu wa ng'ambo ya duka alivyopewa panga kwa kuulizwa njia.

Wala si Wamarekani waliokuwa wa kwanza kuligundua jambo hili. Mfaransa Alfred Binet alitoa kitabu mwaka 1900 akieleza jinsi alivyowaonyesha watoto wa shule ubao mdogo uliobandikwa vitu vichache, kikiwamo kifungo cha nguo kilichogandishwa kwa gundi. Watoto walioachwa waandike wenyewe waliyoyakumbuka walikosea kidogo. Walioulizwa kwa maswali ya mtego walikosea sana. Kwa mfano, waliulizwa rangi ya uzi ulioshika kifungo, nao wakataja rangi. Mjerumani William Stern naye, katika miaka iyo hiyo, aliona kwamba maelezo ya mtu aachwaye aseme mwenyewe yana makosa machache kuliko majibu yake aulizwapo swali baada ya swali. Habari hizo zilichapishwa, zikasomwa na wachache, na mahakama nyingi ziliendelea na kazi zake kama kwamba hazikuandikwa.

Kwa nini iwe hivyo? Bwana Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza mwaka 1932 kwamba kukumbuka si kutoa kitu kilichowekwa, bali ni kujenga upya. Sisi twaweza kulielewa jambo hilo kwa kutazama nyumba zetu za udongo. Kila baada ya masika ukuta hubanduka, na mwenye nyumba hukandika udongo mpya mahali palipoanguka. Baada ya miaka kadhaa nyumba imesimama, ni ile ile, watu wote waijua; lakini ukimwuliza mwenyewe ni udongo upi uliokuwapo siku ya kwanza na upi uliokandikwa baadaye, hawezi kukuonyesha, kwa maana umeshikana na kukauka pamoja. Ndivyo ilivyo kumbukumbu. Kila tuisimuliapo twaiziba mahali palipobanduka, na udongo wa kuzibia twaupata popote: katika mazoea yetu, katika mazungumzo ya jirani, na katika maneno ya yule atuulizaye. Wataalamu wameshindana, hasa tangu mwaka 1985, kama udongo mpya huuondoa ule wa zamani au huufunika tu. Kwa mshtakiwa aliyesimama kizimbani tofauti hiyo ni ndogo.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba swali laweza kumfanya mtu akumbuke chochote. Jambo kubwa, lililo katikati ya tukio, lililoonwa vizuri na kwa nafasi, halibadiliki upesi. Bibi Loftus mwenyewe aliwaonyesha watu picha za wizi wa mkoba mwekundu, kisha akawasomesha maelezo yaliyosema mkoba ulikuwa wa hudhurungi. Karibu wote walikataa wakashika ule wekundu wao. Kibadilikacho ni kile kilicho kandoni, kilichoonwa kwa haraka au gizani: mwendo, urefu, rangi ya shati, kitu kilichokuwa mkononi. Na mashauri mengi, ole wetu, hukatwa kwa mambo hayo ya kandoni.

Sasa tuiangalie lugha yetu wenyewe. Bibi Loftus na mwenzake walipochunguza swali la Kiingereza waliona kwamba kijineno kidogo tu, kitangulizi cha jina, chatosha kupotosha. Kiswahili hakina kijineno hicho, na mtu angeweza kufikiri kwamba sisi tumesalimika. Hatukusalimika. Linganisheni maswali haya mawili: "Uliona taa iliyovunjika?" na "Uliiona ile taa iliyovunjika?" La kwanza lauliza kama taa ya namna hiyo ilikuwapo. La pili lasema ilikuwapo, lauliza tu kama macho yako yaliifikia. Na yule asemaye hapana ajiona kama mtu asiyeangalia vizuri. "Ile," "yule," "wale," na hiyo i iliyoingizwa katikati ya kitendo, ni milango midogo ipitishayo mambo makubwa.

Kadhalika neno "wangapi." Ukimwuliza shahidi, "Wezi walikuwa wangapi?" umekwisha kumwambia kwamba hakuwa mmoja. Ukisema, "Walikimbia kwa wapi?" ile wa- ya mwanzo imefanya kazi hiyo hiyo bila mtu kuiona. Katika upande mmoja lugha yetu ina heri kuliko Kiingereza: twasema "alikimbia" wala hatutangazi kama ni mwanamume au mwanamke, ambapo Mwingereza hulazimika kuchagua. Lakini heri hiyo hupotea pale maneno ya shahidi yafasiriwapo kwa Kiingereza, kwa maana mfasiri hana budi kuchagua kwa ajili yake.

Na ufasiri una shimo jingine. Mwafrika wa Mashariki akiulizwa, "Hukumwona mtu mwingine?" naye hakumwona, hujibu, "Ndiyo," maana yake ni, ndivyo usemavyo, sikumwona. Mwingereza katika jambo lilo hilo hujibu, "Hapana." Karani aandikaye "ndiyo" katika kitabu cha Kiingereza, asiongeze neno, amemwandikia shahidi kwamba alimwona mtu ambaye hakumwona. Swali la kukanusha lafaa liepukwe kabisa, na likiulizwa, jibu lisiandikwe mpaka shahidi alitoe kwa maneno kamili.

Iko pia habari ya heshima. Mtoto aliyelelewa vema hujifunza kutombishia mkubwa, na mtu wa kijijini asimamapo mbele ya mwenye cheo hujibu, "Ndiyo, Bwana," wakati mwingine kabla swali halijamalizika. "Ndiyo" hiyo ni salamu kuliko ushahidi. Basi kadiri muulizaji alivyo mkubwa, ndivyo swali lake lilivyo na nguvu ya kumwelekeza yule aulizwaye. Mzazi amwulizaye mtoto mara tatu, "Ni fulani aliyekupiga, sivyo?" asistaajabu mara ya tatu akipata jibu alitakalo, mtoto aulizwapo tena na tena jambo lile lile hufikiri kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa kosa. Sisi walimu tunayo hatari hiyo kuliko wengine, maana swali la kuongoza ni chombo chetu cha kila siku. Twasema, "Maji yakipata moto huwa m...?" darasa zima likaitikia, "Mvuke!" Katika somo si vibaya. Lakini chombo hicho hicho tukichukuliapo kuulizia nani aliyevunja dirisha, tutamaliza kwa kupata jina tulilokuja nalo.

Wanasheria wameijua hatari hii zamani. Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia pia katika Kenya na Tanganyika, ilieleza kwamba swali la kuongoza ni lile lidokezalo jibu ambalo muulizaji alitaka au alitazamia kulipata. Kenya ilitunga sheria yake ya ushahidi mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967, nazo zimeishika kanuni hiyo. Yule aliyemwita shahidi hana ruhusa kumwuliza maswali ya namna hiyo katika jambo lenye ubishi, upande wa pili ukikataa, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Upande wa pili, wakati wa kumhoji shahidi wa mwenzake, unaruhusiwa.

Kanuni hiyo ni njema, ila yafika ikiwa imechelewa. Hakimu aweza kulizuia swali lililoulizwa mbele yake. Hawezi kulizuia lile lililoulizwa chini ya mwembe usiku wa tukio, wala lile la kituo cha polisi, wala yale ya majirani waliokuja kutoa pole. Shahidi afikapo mahakamani amekwisha kuulizwa na watu kumi, na wakili amwambiapo kwa ustaarabu, "Eleza uliyoyaona," yeye hueleza yote, na panga likiwamo.

Kwa hiyo kazi kubwa iko mikononi mwa wale wanaofika kwanza, nao mara nyingi si wanasheria. Wamarekani Ronald Fisher na Edward Geiselman, tangu miaka ya 1980, wamefundisha njia ya kuwahoji mashahidi ambayo msingi wake ni mwepesi. Shahidi aachwe aseme habari yake yote tangu mwanzo hata mwisho, asikatizwe. Arudishwe kwa mawazo mahali pale: alikuwa amesimama wapi, mwanga ulitoka wapi, alikuwa akifanya nini. Aambiwe waziwazi kwamba akisema "sijui" hakuna aibu. Kisha, kama iko haja ya kuuliza, muulizaji aanze na lile ambalo shahidi mwenyewe amelitaja. Akisema, "Alishika kitu," aulizwe, "Kitu gani?" wala asiulizwe, "Panga au rungu?" kwa maana aliyepewa viwili atachagua kimoja, hata kama kilichokuwapo kilikuwa mwavuli. Na mashahidi wakiwa wawili au zaidi, kila mmoja asikilizwe peke yake kabla hawajakaa kusimuliana, na maneno ya kila mmoja yaandikwe kama alivyoyatamka, pamoja na swali lililoyazaa. Hilo la mwisho husahauliwa sana: jibu huandikwa, swali hupotea, na baada ya mwezi hapana ajuaye neno lilitoka kinywani mwa nani.

Walimu watakao kuwaonyesha wanafunzi mambo haya waweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Mtafuteni mgeni asiyejulikana shuleni, aingie darasani kichwa wazi, aombe chaki, aseme maneno mawili matatu, atoke. Somo liendelee. Kesho yake ligaweni darasa makundi mawili, bila kulisikilizana. Kundi la kwanza mlipe karatasi isemayo, "Andika yote unayoyakumbuka juu ya mgeni wa jana." Kundi la pili mlipe maswali, na mojawapo liwe, "Kofia ya mgeni wa jana ilikuwa rangi gani?" Wasiambiwe kitu. Baada ya juma moja waulizeni wote kama mgeni alivaa kofia, mhesabu majibu ya kila kundi na kuyaandika ubaoni. Kisha mwiteni mgeni aingie tena, nao wajionee, na mwalimu awaeleze ni swali gani lililoulizwa upande upi, na kwa nini.